Sifa za Klachi Iliyoganda

Sifa kwa desturi hupewa walio juu. Mfalme husifiwa kwa upanga wake, bibi harusi kwa haya yake, na gari la michezo, ambalo ni gari dogo lililoundwa kwa ajili ya raha ya dereva kuliko mizigo ya familia, husifiwa kwa kasi yake, kwa ngurumo ya bomba lake la moshi na kwa rangi inayometa juani. Hata hivyo ipo mila kongwe ya kuwasifu wanyonge. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya pili, alimsifu nzi. Synesius wa Cyrene aliusifu upara. Na Erasmus wa Rotterdam, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, aliupandisha Upumbavu mimbarini ukajisifu wenyewe. Waandishi hao hawakuwa na magari, kwa hiyo hawawezi kulaumiwa kwa kuisahau klachi iliyoganda. Wenye magari hawana udhuru huo, na bado hakuna kiungo cha gari kinachotukanwa kama hiki, tena na watu wanaokitukana wakiwa wamelala chali chini yake, mahali ambapo busara ingewataka wawe na adabu.

Klachi ni kiungo kinachokaa kati ya injini na giaboksi, na kazi zake ni mbili tu: kuviunganisha vitu hivyo ili nguvu ifike magurudumuni, na kuvitenganisha kwa kitambo kidogo dereva anapobadili gia au anaposimama. Kwa mfano unaofaa liangaliwe MGB, gari la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1962 na kuendelea kuundwa Abingdon hadi mwaka 1980, magari zaidi ya laki tano yakiwa yamekwisha kutoka. Nyuma ya injini yake ya sentimita za ujazo 1798, krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hubeba flaiwili, ambayo ni gurudumu zito la chuma cha kusubu lenye uso uliosawazishwa. Juu ya uso huo hulala pleti ya klachi, duara jembamba lenye upana wa inchi nane, lililovishwa pande zote mbili lainingi, yaani tabaka za msuguano, zilizopigiliwa kwa ribiti, na lenye tundu la meno katikati linaloivaa shafti ya giaboksi. Juu ya pleti hukaa presha pleti pamoja na kifuniko chake, kilichofungwa kwenye flaiwili kwa bolti sita, na ndani ya kifuniko hicho imo springi bapa inayoibana pleti kwa nguvu ya mamia ya kilo. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukumwa kutoka silinda ya juu hadi silinda ya chini, silinda ya chini huusukuma uma, uma huisukuma beringi, ambayo katika MGB haina gololi bali ni pete ya kaboni, nayo springi hulegea, presha pleti ikainuka kwa unene wa ukucha hivi. Ukucha huo mmoja ndio uhuru wote ambao pleti imewahi kupewa.

Kwa kuwa sifa iliyopangwa vizuri huanza na nasaba, haifai kuipita nasaba ya lainingi. Klachi za magari ya awali zilivishwa ngozi, ambayo ilidai kupakwa mafuta mara kwa mara, na ikikauka ilishika kwa ghafla hata abiria akapoteza kofia. Inasimuliwa kwamba Herbert Frood wa Derbyshire aliwaona wenye mikokoteni wakizuia magurudumu mteremkoni kwa buti kuukuu, akawaza kwamba pangeweza kupatikana kitu bora kuliko kiatu, na mwaka 1897 akaanzisha kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Ferodo, ambalo ni herufi za jina lake zilizopangwa upya na kuongezwa moja. Kwa hiyo lainingi ya klachi, ikifuatwa hadi kwa mababu, ni mjukuu wa ngozi na jirani wa buti la mwenye mkokoteni, na kiungo chenye asili kama hiyo hakiwezi kushtakiwa kwa majivuno.

Fadhila kuu ya klachi iliyoganda, yaani ile ambayo pleti yake imeng'ang'ania flaiwili hata pedali inapokanyagwa, ni uaminifu. Wenye magari wote hulalamikia klachi inayoteleza, yaani ile isiyoweza tena kushikamana na flaiwili, ambayo injini huiungurumia mlimani huku gari likisota, na huitukana kwa kukosa msimamo. Inapotokea klachi yenye msimamo, isiyoteleza hata kwa unywele, isiyoachia kwa vitisho wala kwa rushwa, watu walewale huitukana zaidi. Kiswahili kimeliona jambo hili mapema kuliko wahandisi. Fundi akisema klachi inashika, anaisifu; akisema klachi imeshika, anaihukumu; na kati ya sifa na hukumu hakuna kilichobadilika ila njeo ya kitenzi. Kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika kwa mtu aliyeshika dini, aliyeshika wasia wa wazee au aliyeshika adabu, ambao wote huheshimiwa kwa sababu wameshika na hawaachii, wala haijasikika mcha Mungu kupelekwa gereji kwa kosa la kushika kupita kiasi. Na ikiwa kushika ni fadhila, basi kuachia, ambako ndiko klachi inakodaiwa, ni ndugu wa damu wa kuacha, neno ambalo katika nyumba ya Mswahili hulitaja jambo moja zito, yaani talaka.

Ndoa, kwa kweli, ndiyo namna bora ya kuueleza mwenendo wake. Chanzo cha kuganda si matumizi bali kutelekezwa. Mwenye gari Uingereza hulilaza gari lake bandani mwezi wa kumi, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula bodi, naye hukusudia kulitoa majira ya kuchipua. Kisha huja mtoto, au mgongo, au nyumba inayohitaji paa jipya, na majira ya kuchipua hupita mara tano. Muda wote huo pleti imebanwa gizani kati ya flaiwili na presha pleti kwa uzito wa mamia ya kilo, bila mwendo, bila mgeni. Nyumba ya klachi, ambayo ni kava la aluminiamu lenye umbo la kengele kati ya injini na giaboksi, haikuzibwa kabisa: chini yake pana tundu dogo, na ndani ya tundu hilo huning'inia pini ya chuma iliyolegezwa makusudi ili mtikisiko wa safari uichezeshe, tope na mafuta yasipate kuliziba. Gari lililolazwa halitikisiki, pini haichezi, lakini unyevu huingia. Asubuhi hewa inapopata joto kabla ya chuma, umande hutulia juu ya flaiwili kama unavyotulia juu ya glasi ya maji baridi, kutu huota, na kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, huvimba na kujipenyeza katika vinyweleo vya lainingi hadi pande mbili zikawa kitu kimoja. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambao wamewahi kuona hewa ya bahari inavyoweza kuigeuza bolti na nati yake kuwa kipande kimoja cha chuma, hawahitaji ushahidi zaidi.

Sayansi nayo ilikwisha kuitetea. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, katika utafiti wake wa msuguano uliochapishwa mwaka 1785, alionyesha kwamba nguvu inayohitajika kukiondoa kitu mahali pake huongezeka kadiri kitu hicho kilivyokaa kimya juu ya kingine, jambo lililoonekana wazi hasa katika mbao. Hii ndiyo tabia ya msuguano tuli, yaani msuguano wa vitu ambavyo bado havijaanza kusogea, na kwa lugha ya mitaani maana yake ni kwamba waliokaa pamoja muda mrefu hawatenganishwi kwa nguvu iliyotosha siku ya kwanza. Klachi iliyoganda haikuvunja sheria yoyote. Mwenye gari ndiye aliyeivunja ahadi ya majira ya kuchipua.

Fadhila ya pili ni kwamba humfunza mwenye gari mantiki, somo ambalo wengi huliacha shuleni. Dalili ya kuganda ni moja: injini ikiwa inazunguka gia hazikubali kuingia, na zikiwekwa injini ikiwa imezimwa, gari huruka mbele mara tu stata inapoguswa, ijapokuwa pedali imekanyagwa hadi sakafuni. Lakini dalili hiyo hiyo huletwa na silinda ya chini inayovuja, ambayo kosa lake liko katika kipande cha mpira kisichozidi kifungo cha koti. Mwenye haraka hung'oa injini nzima, na baada ya siku mbili za jasho hugundua kwamba alikuwa akimhukumu asiyehusika. Mwenye subira humwomba mtu akanyage pedali, naye huingia chini na tochi kutazama fimbo fupi inayotoka kwenye silinda ya chini: ikisogea zaidi ya sentimita moja, mafuta yametimiza wajibu wake, uma umetimiza wajibu wake, na klachi imeganda kweli. Wanafalsafa huandika vitabu vinene juu ya kutofautisha sababu na dalili. Hapa jambo hilo huthibitishwa kwa tochi na mke mwenye mguu mzito.

Tiba ya kwanza inayojulikana ni kijiti. Kipande cha ubao hukatwa kwa urefu wa nafasi iliyopo kati ya pedali na kiti, pedali hukanyagwa, ubao hupachikwa, na gari huachwa hivyo kwa siku kadhaa, presha pleti ikiwa imeinuliwa, kwa matumaini kwamba pleti itachoka kuning'inia kwenye flaiwili bila msaada. Kifaa cha bei nafuu kuliko hiki hakimo katika duka lolote la spea. Kijiti kikishindwa, injini hupashwa moto kwanza ili chuma kitanuke, kisha magurudumu ya nyuma huinuliwa juu ya stendi, gia ya nne hutiwa, injini huwashwa magurudumu yakazunguka hewani, na dereva hukanyaga klachi na breki kwa pamoja, akitaraji kusikia mlio mmoja mkavu kama wa kuni inayopasuliwa. Wapo wanaofaulu. Wapo pia ambao gari lao hushuka kutoka kwenye stendi na kwenda kusalimiana na ukuta wa banda, na hao huwa hawaisimulii habari hiyo kwa kirefu.

Asiyetaka kutibu anaweza kuendesha hivyo hivyo, na hapo ndipo klachi iliyoganda inapostahili kuitwa mwalimu. Gari huwashwa likiwa katika gia ya kwanza na kuondoka papo hapo kwa nguvu ya stata. Gia zinazofuata hutiwa bila klachi, kwa sikio, dereva akiachia kidogo pedali ya akseleta na kungoja hadi mzunguko wa injini na mwendo wa giaboksi vilingane, ndipo mkono wa gia unapoteleza wenyewe kama mkono ndani ya mfuko. Ustadi huo, ambao madereva wa malori ya zamani walikuwa nao na ambao magari ya kisasa yameufanya usihitajike, hurudi katika dunia kwa hisani ya kutu. Taa nyekundu nazo hupata uzito mpya, kwa maana kila kusimama ni kuzima na kila kuondoka ni kuruka, na dereva huanza kuusoma mji mzima kwa mbali, akipunguza mwendo mita mia mbili kabla ya njia panda kama mzee anayekaribia ngazi. Mwizi asiye na elimu hiyo, akifanikiwa kuliwasha gari, huruka nalo hadi kwenye ua wa jirani, na polisi humkuta hapo.

Sifa hizi zote, hata hivyo, ni ndogo zikilinganishwa na ile inayoonekana siku ya kung'oa. MGB iliundwa kwa namna ambayo giaboksi yake haiwezi kuteremshwa peke yake kupitia chini ya gari, hivyo anayeitaka klachi hana budi kuitoa injini, ama peke yake ama pamoja na giaboksi. Kiungo kingine kinachodai heshima ya kiasi hicho hakipo: pampu ya maji hubadilishwa kwa kuinama, breki kwa kuchuchumaa, lakini klachi haifikiwi mpaka mlango wote wa nyumba uondolewe. Boneti hutolewa, baada ya bawaba zake kuchorewa mstari wa penseli ili irudi palepale. Maji humwagwa na rejeta huinuliwa. Kabureta mbili huwekwa rafuni zikiwa zimefunikwa kitambaa kama vyombo vya sherehe. Waya za stata na za jenereta hufungwa vipande vya karatasi vyenye maandishi ambayo wiki moja baadaye hayasomeki. Bomba la moshi hulegezwa. Na bolti zinazoizunguka nyumba ya klachi hufunguliwa moja baada ya nyingine, zile za juu zikitafutwa kwa vidole tu, mkono ukiwa umepita mahali ambapo jicho haliwezi kupita. Kila bolti hupata kikopo chake. Mtu aliyemiliki gari hilo miaka kumi bila kulijua huwa amelijua kufikia magharibi, na injini ikining'inia kwenye mnyororo, ikizunguka polepole na kudondosha tone moja la mafuta juu ya kiatu chake, hujikuta akiitazama kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa moyo wake mwenyewe.

Kama kutu imefika hadi kwenye meno ya shafti, injini na giaboksi hukataa kuachana hata baada ya bolti ya mwisho kutoka. Upenyo huonekana kati yao, wa kuingiza kidole kimoja, na haukui. Fundi hutikisa injini kushoto na kulia, hupandisha jeki iliyo chini ya giaboksi kwa nusu sentimita, huishusha, huomba kimya, hutukana kwa sauti, na bado kidole ni kimoja. Katazo moja ni lazima lizingatiwe hapa, nalo ni kutouacha uzito wa injini uilalie shafti, kwa sababu pleti inayopinda itatupwa hata hivyo, lakini shafti haitupwi. Mwishowe, mara nyingi baada ya kila mtu kwenda kunywa chai, kitu hulegea na injini husogea mbele kwa utulivu, kana kwamba haikuwahi kukataa.

Bolti sita za kifuniko hulegezwa kwa zamu, kila moja robo mzunguko, kwa mpangilio wa msalaba, ili springi isikipinde kifuniko. Kifuniko hutoka. Kwa desturi pleti ingeanguka mikononi mwa fundi wakati huo huo, lakini hii iliyoganda hubaki imeng'ang'ania flaiwili kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Haina tena kinachoibana. Springi imeondoka, presha pleti imeondoka, imebaki kwa hiari yake. Kipande cha mbao na nyundo hutangulia, ukingo ukigongwa kidogo kidogo kwa kuzunguka, na mbao ikishindwa huja tindo jembamba. Inapobanduka, huacha juu ya chuma cha flaiwili picha yake kamili kwa rangi ya kahawia: pete pana, mifereji ya lainingi iliyonyooka kama miale ya jua, na duara ndogo za ribiti, kila moja mahali pake, safi kiasi cha kuhesabika.

Katika jambo moja mzaha hauna nafasi. Lainingi za magari ya umri huo zilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi za mawe ambazo vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi, na Uingereza haikukamilisha marufuku yake hadi mwaka 1999. Vumbi jeusi lililojaa katika nyumba ya klachi halipulizwi kwa upepo wa kompresa wala kufagiliwa likiwa kavu. Hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hufungwa ndani ya mfuko na kutupwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Baada ya hapo hufuata ufungaji, ambao vitabu vya mwongozo hupenda kuueleza kwa sentensi moja, kwamba ni kinyume cha ufunguaji, na aliyeiandika sentensi hiyo hakika alikuwa na mikono mitatu. Pleti mpya huwekwa katikati kwa msaada wa shafti kuukuu au kijiti cha mbao kilichochongwa, la sivyo injini haitaingia mahali pake. Pleti ya zamani, ikipimwa kwa udadisi kabla ya kutupwa kwenye ndoo ya chuma chakavu, mara nyingi hukutwa na lainingi nene karibu kama siku ilipofungwa, kwa kuwa haikuchoka kwa kazi. Kosa lake lote lilikuwa kushika, na adhabu yake ni ndoo. Mwenye gari la zamani ambaye amelilaza bandani, na ambaye amesoma sifa hizi hadi hapa bila kuinuka, basi na ainuke sasa, aende akaikanyage pedali ya klachi mara ishirini, na kabla ya kufunga mlango wa banda akumbuke kukata kijiti.